Chuma si Chuma Tu

Kati ya maneno mafupi yaletayo hasara ndefu, moja ni hili: "Chuma ni chuma." Husemwa na mwenye lori aliye na haraka; husemwa na fundi aliyezoea kusifiwa; tena husemwa na mtu aliyesoma ambaye hajapata kushika koleo maishani mwake. Nataka, msomaji, uitazame kauli hiyo kwa jicho kali, maana nimekusudia kuipinga tangu mwanzo wa insha hii hata mwisho wake. Hakuna fundi wa majahazi katika pwani yetu atakayekubali kutia mkuku wa mpapai kwa hoja kwamba mpapai nao ni mti. Kwa nini basi tukubali katika chuma upumbavu tusioukubali katika mbao?

Naandika haya Kiembeni, katika upande wa Kisauni, bara ya kaskazini ya Mombasa. Si mbali na hapa yapo matimbo ya Bamburi, ambako mwamba wa matumbawe umechimbwa kwa ajili ya saruji tangu kiwanda kilipoanza kazi mwaka 1954. Katika barabara ya Malindi malori ya mawe, mchanga na saruji hupita usiku na mchana, na kando ya njia zetu karakana hutoa mwanga ule wa buluu ambao watoto huonywa wasiutazame. Bodi ya tipa iliyotoboka huzibwa hapo. Trela iliyopasuka huungwa hapo. Bakuli la mashine ya kuchimbia lililolika meno hutiwa meno mapya hapo. Mtu akitaka kujua kama kauli ya "chuma ni chuma" ni ya kweli au ya uongo, hana haja ya kusafiri mbali.

Wala asidhani kwamba elimu ya chuma ni mgeni katika nchi hii. Mwanajiografia al-Idrisi, katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1154, aliwataja watu wa Malindi kuwa wachimbaji wa chuma, na akasema kwamba biashara hiyo ndiyo iliyowapa faida kubwa kuliko zote. Huko Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, wataalamu walionyesha mwaka 1978 kwamba wahunzi wa kale walikuwa wakipata chuma chenye kaboni, yaani feleji, katika tanuri za udongo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Lugha yetu yenyewe ni shahidi. Tunasema panga "limetiwa maji", na kila mhunzi alijua maana yake: makali yalipashwa moto yakaiva, yakachovywa majini yakawa magumu, kisha yakarudishwa karibu na moto kidogo yasije yakakatika kama kigae. Mhunzi huyo hakusema chuma ni chuma. Alijua kwamba chuma kilekile, kwa moto mmoja, ni kisu, na kwa moto mwingine ni takataka.

Sasa twende kwenye mabamba yenyewe ninayotaka kuyasema. Viwanda vya siku hizi vimeichukua kazi ya mhunzi na kuitenda juu ya mabamba mapana. Bamba hupashwa moto kufikia nyuzi 900 hivi za Selsiasi, na nyuzi zote nitakazozitaja ni za Selsiasi. Katika joto hilo mpango wa chembe zake ndani hugeuka. Mara humwagiwa maji kwa kasi pande zote mbili, na chembe, zikiwa hazikupata nafasi ya kurudi katika mpango wao wa zamani, hujifunga katika mpango mpya ulio mgumu sana, ambao wataalamu huuita martensaiti. Lakini ugumu huo peke yake ni hatari, kwa sababu kitu kigumu kisicho na ushupavu huvunjika ghafula. Basi bamba la kujengea hurudishwa motoni, katika nyuzi 600 hivi au zaidi kidogo, likapoteza sehemu ya ugumu na kupata ushupavu. Bamba la kuzuia kulika, ambalo hutakiwa gumu kuliko yote, hurudishwa katika joto dogo tu, au halirudishwi kabisa.

Zingatia jambo hili, maana ndilo msingi wa hoja yangu yote. Bamba hili halina kaboni nyingi kuliko feleji laini ya mageti na madirisha yetu. Lina manganizi, kromi, molibdeni na boroni kwa vipimo vidogo, ili maji yaweze kuligeuza hata katikati ya unene wake. Lakini nguvu zake hasa zimetokana na moto na maji. Ukiliweka kando ya bamba laini hutatambua tofauti. Rangi ni moja, uzito ni mmoja, na sumaku huyavuta yote mawili.

Tofauti yake huonekana kazini. Feleji laini ya kawaida huanza kunyumbuka isirudi inapovutwa kwa nyutoni 250 hivi kwa kila milimita ya mraba. Bamba la kujengea lililotiwa maji, la aina inayojulikana sana, hustahimili nyutoni 690. Kwa hesabu ya sokoni, fimbo ya feleji laini yenye upana wa sentimita moja ya mraba huchoka kwa mzigo wa tani mbili na nusu, na fimbo ya ukubwa huohuo ya feleji hii hufika tani saba. Kwa hiyo hutengenezewa mikono mirefu ya kreni, mitambo ya migodini, na mabomba makubwa yaletayo maji ya kuzungusha mitambo ya umeme. Na kwa ndugu yake aliye mgumu zaidi hutengenezwa mabakuli ya kuchimbia na bodi za tipa zisuguliwazo na mawe kutwa kucha.

Kwa mwenye lori faida yake ni fedha taslimu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 ya kudhibiti uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake pamoja. Katika mzani wa Mariakani, bodi nzito ni mwizi: kila kilo ya bodi ni kilo iliyonyang'anywa mzigo. Ndiyo maana bamba jembamba lenye nguvu linapendwa. Ni sawa lipendwe. Nisiloweza kunyamazia ni kupenda faida yake na kudharau masharti yake.

Uongo wa kwanza uliozaliwa na kauli ile ni kwamba kitu chenye nguvu huvumilia kila jambo. La! Nguvu za bamba hili zilitoka motoni, na moto waweza kuzichukua tena. Fundi akichukua gesi akalipasha bamba lililopindika mpaka likawa jekundu, ili alinyooshe kwa nyundo, amekwisha kupita nyuzi 500. Bamba gumu la kuzuia kulika huanza kupoteza ugumu wake likipita nyuzi 250 hivi, wekundu wowote haujaonekana bado. Bamba la kujengea lililopita joto lile ambalo lilirudishiwa motoni kiwandani nalo huanza kulegea. Kazi ya kiwanda kizima hufutwa kwa dakika chache, na hakuna alama yoyote juu ya bamba itakayomwambia dereva kwamba amekabidhiwa gari jingine, lililo dhaifu.

Kuchomelea nako ni moto. Kando ya kila mshono upo ukanda mwembamba ambao haukuyeyuka, lakini ulipashwa sana. Katika bamba hili ukanda huo ni kama mtu aliye kati ya maji na mamba. Ukipoa polepole mno kwa sababu fundi ametia joto jingi, huwa dhaifu na hupoteza ushupavu; ukipoa kwa kasi mno kwa sababu bamba ni nene na baridi, huwa mgumu na mwepesi wa kupasuka. Njia ya salama ni nyembamba, na imepimwa. Kwa aina moja ya mabamba hayo iliyo mashuhuri, kanuni za Marekani hudai kwamba bamba lenye unene wa zaidi ya milimita 19 lipashwe nyuzi 50 kwanza, na lile linene kuliko milimita 65 lipashwe nyuzi 110. Tena zinakataza joto la kazi lipite nyuzi 200 katika mabamba yasiyozidi milimita 38. Fundi hutakiwa kuweka mishono myembamba iliyonyooka mmoja juu ya mwingine, akingoja joto lishuke, badala ya mshono mmoja mpana wa kuyumbisha mkono huku na huku. Mshono mnene unaosifiwa na wapita njia ndio pengine ulioliua bamba.

Uongo wa pili ni kwamba mkono wa fundi unatosha. Nauheshimu mkono wa fundi kuliko wengi wanaousifu kwa maneno; lakini upo adui asiyeonekana na jicho lolote, na jina lake ni haidrojeni. Maji yaliyojificha katika ngozi ya kijiti cha kuchomelea, mafuta, rangi na kutu juu ya bamba, vyote huachia haidrojeni katika moto mkali. Haidrojeni huingia ndani ya chuma kilichoyeyuka, na chuma kikipoa hubaki mle, ikatafuta mahali pagumu penye mkazo, ikapapasua. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ufa huo hauji kwa kelele wakati wa kazi. Huweza kuja usiku, au kesho yake, fundi akiwa amelipwa na gari likiwa limepakia. Kwa sababu hiyo kanuni hizo nilizozitaja huagiza kwamba, kwa bamba la namna hii, ukaguzi wa mwisho usihesabiwe mpaka zipite saa 48 tangu kazi kumalizika. Nani katika barabara zetu huwapa mafundi saa 48? Mwenye gari husema, "Nalitaka jioni."

Hapa pwani jambo hili latuhusu kuliko watu wa nchi kavu. Joto letu ni neema: bamba jembamba Mombasa halipoi kama bamba la Ulaya wakati wa theluji. Lakini hewa yetu ina unyevu wa bahari mwaka mzima, na masika ikiingia hata chumvi ya mezani huloa. Kijiti kilichoachwa wazi katika hewa hiyo huunywa unyevu kimyakimya. Vijiti vinavyofaa kwa feleji hii ni vile vilivyotengenezwa viwe na haidrojeni kidogo, navyo hutakiwa kuokwa kama mkate, mara nyingi katika nyuzi 350 hivi kwa saa moja au mbili, kama mtengenezaji alivyoandika, kisha vikawekwa katika sanduku lenye joto lisilopungua nyuzi 120 mpaka vitakapotumika. Kuvinunua vijiti bora na kuviacha juu ya benchi karibu na bahari ni kununua nguo nyeupe na kuitandika matopeni.

Uongo wa tatu ni wa watu waliosoma kidogo: kwamba bamba lenye nguvu mara tatu hufanya kila kitu kuwa bora mara tatu. Si hivyo. Katika kupindika chini ya mzigo kabla ya kuchoka, feleji zote karibu ni sawa. Bamba jembamba lenye nguvu litayumba na kukunjamana mapema kuliko bamba nene dhaifu lisipopewa mbavu za kulishika. Na mshono ukivutwa na kuachwa, ukavutwa na kuachwa, mara maelfu kwa maelfu, kama inavyotokea kwa trela katika barabara mbovu, uchovu huanza katika mshono wenyewe, wala nguvu za bamba hazimsaidii mtu. Tena kwa mishono mingi ya kona, kijiti laini zaidi kuliko bamba hufaa kuliko kijiti kikali, kwa sababu hulegea kidogo badala ya kupasuka. Haya hayajulikani kwa kukisia. Hujulikana kwa kusoma na kupima.

Huenda ukadhani kwamba natia chumvi. Basi sikia mambo mawili yaliyotokea katika nchi zenye shule nyingi na viwanda vikubwa. Mjini Melbourne, Australia, daraja la Kings lilifunguliwa mwaka 1961. Tarehe 10 Julai 1962, asubuhi ya baridi, gari lenye uzito wa tani 45 lilipita juu yake, mzigo ambao haukuvuka kikomo cha daraja, na sehemu moja ya daraja ikakatika na kuzama. Watu waliokolewa na kuta zilizokuwa chini yake, ambazo zililishika lisianguke lote. Boriti zake zilikuwa za feleji yenye nguvu, ingawa si ya kutiwa maji, nayo ilihitaji uangalifu katika kuchomelewa. Na uchunguzi ulionyesha nyufa penye miisho ya mishono, nyingine zikiwa zimezaliwa kiwandani kabla daraja halijasimamishwa.

La pili lina huzuni zaidi. Tarehe 27 Machi 1980, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norway, jukwaa la Alexander L. Kielland, lililokuwa makazi ya wafanyakazi wa mafuta, lilipinduka katika dhoruba. Watu 212 walikuwamo, 123 walikufa. Chanzo kilifuatwa hata kikaonekana: mshono mdogo wa milimita sita, uliofungia kifaa kidogo cha kusikilizia sauti za majini kwenye moja ya nguzo za kushikiza. Ndani ya ufa ilikutwa rangi, ushahidi kwamba ufa ulikuwapo tangu jukwaa lilipokuwa likipakwa rangi kiwandani. Mshono ule haukuhesabiwa kuwa kitu, kwa kuwa haukubeba mzigo mkubwa. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa: "Mwalimu, hayo ni ya matajiri. Sisi ni watu wa jua kali. Tukifuata kanuni zote tutalala njaa." Jibu hili lina uchungu wa kweli, wala silidharau. Lakini tuhesabu. Chaki ya joto, ambayo huyeyuka bamba lifikapo kipimo kilichoandikwa juu yake, si mashine ya mamilioni. Sanduku la kukaushia vijiti laweza kutengenezwa na fundi mwenyewe, mradi apate kipimajoto cha kuaminika. Burashi ya waya ya kuondolea kutu na kitambaa cha kufutia mafuta vimo katika kila karakana. Cheti cha bamba, chenye jina la aina yake na namba ya myeyuko wake, hakina gharama kwa mnunuzi anayekidai kabla ya kulipa. Kilicho adimu ni mtu wa kumwambia fundi kwa nini, katika lugha anayoielewa.

Hapo ndipo nayageuza mashtaka yangu. Sishtaki fundi wa kando ya barabara kwanza. Namshtaki mwenye mali anayetaka jioni kazi ya siku tatu, kisha akaita ajali mapenzi ya Mungu. Namshtaki mfanyabiashara anayeuza bamba bila jina. Na zaidi ya wote naishtaki desturi ya kugawa watoto makundi mawili, wenye akili waende kwenye vitabu, na walioshindwa waende kwenye ufundi. Bamba hili limeufichua ubatili wa desturi hiyo. Aliunganishaye bila elimu ya joto na haidrojeni ataliharibu. Na aliyefaulu kemia lakini hawezi kuushika mkono wake utulie juu ya mshono hawezi kuliunga. Kazi moja inadai mtu mmoja mwenye vyote viwili. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikuja na ahadi ya masomo ya mikono, na shule nyingi hazikupata karakana wala vyombo. Mfumo unaofuata utakuwa na jina zuri tu kama karakana zitabaki karatasini. Mombasa haina udhuru: chuo cha ufundi cha miaka ya 1950, kilichojulikana kama MIOME, kilikua hata kikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa mwaka 2013. Elimu ipo ng'ambo ya daraja la Nyali. Haijavuka ya kutosha kuja kwa yule aliyeshika kijiti Kiembeni.

Wewe unayesoma insha hii darasani, labda kesho utakuwa fundi, au mwenye gari, au mkaguzi, au abiria tu anayepita chini ya kreni na kando ya trela. Katika cheo chochote cha hivyo, unayo haki ya kuuliza maswali matatu kabla kazi haijapokewa. Bamba hili ni la aina gani, na cheti chake ki wapi? Vijiti vilikaushwa kwa joto gani, na bamba lilipashwa hata kipimo gani? Mshono ulikaguliwa baada ya saa ngapi? Anayeyajibu maswali hayo ni fundi, hata kama karakana yake ni kivuli cha mwembe, naye alipwe ujira wa fundi pasipo kubishaniwa. Asiyeyajibu afundishwe, au atafutiwe wa kumfundisha. Lakini atakapokuambia chuma ni chuma, lori lile lisitoke.